Kavunja au Kajikomboa?

Kiswahili huvunja mambo mengi, na si yote ya msiba. Mwali huvunja ungo, Ramadhani ikikaribia sisi watu wa visiwani huvunja jungu, mfanyabiashara huvunja bei na wateja wakammiminikia. Hata mkutano huvunjika kwa salama. Lakini tukifika kwenye mkataba wa mchezaji, kitenzi hiki hubadili sura. Aliyevunja amekosa. Anayetajwa kwenye kichwa cha habari kuwa kavunja huanza kutazamwa kwa jicho la pembeni kabla habari yenyewe haijasomwa.

Tazama mizigo tunayokibebesha. Klabu ikimfukuza kocha, "yavunja mkataba". Mchezaji akitoroka kambini, "avunja mkataba". Pande mbili zikikaa zikakubaliana kila mmoja ashike njia yake, "wavunja mkataba". Na mchezaji akilipa kiasi kilichoandikwa ili aondoke, naye pia "avunja mkataba". Mambo manne, kitenzi kimoja. Wanasheria wetu wamejaribu kutenganisha: wana kukiuka kwa anayekwenda kinyume na masharti, wana kusitisha kwa anayeukomesha mkataba. Kurasa za michezo hazijaupokea mgawanyo huo, na barazani ndiyo kabisa.

Desemba 2022 tuliuona ubaya wa mkanganyiko huo. Feisal Salum, kiungo wetu aliyetoka JKU ya Zanzibar na anayeitwa Fei Toto nchi nzima, aliipelekea klabu yake, Yanga, shilingi milioni 112: milioni 100 za kuondokea na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu. Mkataba ulikuwa bado una uhai hadi 2024. Yanga ikazikataa fedha. Januari 2023 Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya shirikisho la soka, TFF, ikasema huyu bado ni mchezaji wa Yanga. Mambo yakaburuzwa hadi Rais Samia Suluhu Hassan akaitaka klabu iyamalize, na Juni 2023 Azam ikamtambulisha. Hayo mnayajua. Ninachokifuata mimi ni kitenzi.

Wakati wa sakata lile, kwenye baraza moja hapa Micheweni, Pemba, kijana mwenye jezi ya njano alikuwa akishusha hukumu: "Kavunja mkataba, hana haki." Pembeni yake mzee mmoja alikuwa akiziba matundu ya wavu wake wa jarife, uzi kautia mdomoni. Akautoa uzi, akasema: "Kavunja nini, mwanangu? Si kalipa? Huyo kajikomboa." Kijana alikuwa na majibu, na ubishi ulikwenda hadi adhana ya Magharibi. Hakuna aliyemshinda mwenziwe. Lakini vitenzi vilikuwa viwili, na kila kimoja kilikuwa kimeshaamua kesi.

Komboa ni kitenzi cha ukoo mzuri. Kinaishia kama chomoa, opoa, okoa na ng'oa, na vyote hivyo vinatoa kitu mahali kilipokwama. Kwa Mpemba kina makao maalumu: rahani. Mwenye mikarafuu aliyekwama kifedha aliweka miti yake rahani kwa mwenye fedha, na siku alipojaaliwa alikwenda kuikomboa. Hakuna aliyesema huyu kavunja karatasi ya rahani. Deni limelipwa, miti imerudi kwa mwenyewe, karatasi imemaliza kazi yake. Na mwenye fedha hakuwa na la kusema. Akiletewa chake chote, hawezi kukataa kwa kuwa ameipenda mikarafuu.

Kutoka hapo kuna jina ambalo makamusi ya zamani yanalo na sisi tumelisahau: komboleo, yaani mali inayotolewa ili kitu au mtu afunguliwe. Nalipendekeza bila kusita. Leo tunaandika "kipengele cha kuvunja mkataba", maneno manne yanayosema kwamba pande mbili zimekubaliana kwa maandishi jinsi ya kukosana. Andika kipengele cha komboleo. Wakati wa kusaini, klabu na mchezaji wametaja bei ya mlango. Anayeilipa anatumia mlango, havunji ukuta.

Mlinzi wa lugha, najua unachotaka kuniuliza, na ni haki uulize. Komboa ina kivuli. Katika visiwa hivi hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897, na kabla ya hapo mtumwa aliyeweza kujilipia alijikomboa kwa kitenzi hikihiki. Tukisema Fei Toto kajikomboa, tumeiita Yanga bwana wake? Nimelipima hilo. Naona kivuli kinaanguka zaidi juu ya neno jingine tunalolitumia kila siku bila kushtuka, nitalifikia. Komboa yenyewe imetembea sana tangu wakati huo: tunakomboa saa iliyowekwa rahani, tunakomboa wakati uliopotea, na nchi zetu zilikuwa na vyama vya ukombozi. Limekuwa neno la kusimama wima.

Jirani yake ni fidia. Siku hizi fidia ni ya bima, ya barabara iliyopita juu ya muhogo wa mtu, ya ajali. Katika ibada tunaijua kwa mtu asiyeweza kufunga, anayelisha maskini badala yake. Lakini mzizi wake wa Kiarabu ni huohuo wa kukomboa: kutoa kitu ili nafsi iachwe. Kwa hiyo fidia na komboleo ni ndugu waliotengana malezi. Nashauri tuwape kazi mbalimbali. Komboleo iwe bei iliyotajwa mapema ndani ya mkataba. Fidia iwe malipo anayoyapanga hakimu baada ya mtu kukosa. Ya kwanza haina lawama, ya pili inayo. Gazeti likiandika "fidia ya milioni 100" kwa fedha iliyokuwa kwenye kipengele, limeshamtia mtu hatiani.

Sasa tuingie kwenye nyumba yenye hazina kubwa zaidi, nayo ni mahakama ya kadhi. Watu wa Pwani tuna karne nyingi za kufunga mikataba na kuifungua, na mkataba tuliouwekea istilahi nyingi kuliko wote ni wa ndoa. Mume akitamka, hiyo ni talaka. Mke akirejesha mahari au mali nyingine ili aachwe, hiyo ni khului, nasi tunasema amejivua, tafsiri ya haki kabisa, maana mzizi wa Kiarabu ni wa kuvua vazi. Kadhi akiona madhara akaiondoa ndoa yeye mwenyewe, hiyo ni faskhi. Njia tatu, majina matatu, na kila jina linakujibu kwa mkupuo: nani katoka, nani katoa mali, nani kaamua.

Sipendekezi kwamba talaka na khului zichapwe kwenye ukurasa wa michezo. Ni maneno ya sharia, yana adabu yake, na mtu aliyetoka kwa kadhi na machozi hapendi kulisikia neno lake likirushwa pamoja na kona na penalti. Tunachoweza kuazima ni mpangilio. Klabu ikiamua peke yake: mchezaji ameachwa. Mchezaji akilipa: amejikomboa. Kamati au mahakama ikiamua: mkataba umetenguliwa, kama udhu unavyotenguka na uteuzi unavyotenguliwa. Atakayekwenda kinyume bila kulipa wala kuamuliwa, huyo ndiye aliyekiuka. Vunja tumrudishie mwenye jungu.

Rahani na khului zinafanana kwa fedha kurudi upande wa pili, na hapa ndipo lilipokuwa fundo la sakata zima. Katika rahani anayelipa hahitaji ridhaa ya yeyote. Katika khului wanazuoni wengi wanataka mume aridhie. Upande wa Fei Toto ulizungumza kama mwenye mikarafuu: nimeleta kiasi, nipe changu. Yanga ilizungumza kama mume: hatujakaa, hatujaafikiana. Miezi ile yote nchi ilibishana juu ya swali hilo bila kuwa na maneno ya kulitaja, ikabaki kurushiana ushabiki.

Kwa hiyo hata mzee wa jarife, ambaye neno lake nalipenda, alikuwa na upande. "Kajikomboa" ni hukumu sawa na "kavunja". Mwandishi anayetaka kusimama katikati atumie nomino na aache vitenzi vingoje: ameweka komboleo, klabu imelikataa, kamati inasikiliza. Sentensi hiyo haimpendelei mtu, na haipungukiwi na ukweli wowote.

Mpira wa kikapu wa Marekani unatuletea sura nyingine. Huko mishahara mingi ina dhamana: mchezaji hata asipocheza anadai. Luol Deng, mzaliwa wa Wau, Sudan Kusini, alisaini na Los Angeles Lakers mwaka 2016, miaka minne kwa dola milioni 72. Msimu wa 2017–18 alicheza mchezo mmoja tu. Septemba 2018 akasamehe sehemu ya fedha alizokuwa akidai, Lakers ikamwachia, naye akaenda Minnesota. Huyu kavunja? Kajikomboa? Hakutoa hata senti mfukoni. Klabu ndiyo iliyotoa, naye akapunguza deni.

Kiswahili kina kitenzi kilichokaa kikingoja hali hii: kuagana. Agana ni kupeana ahadi na kufunga mapatano, ndiyo maana tuna agano na maagano. Agana ni pia kupeana mkono wa mwisho njia zikigawanyika. Sijui lugha nyingi zinazoweza kufunga na kufungua kwa neno lilelile. Deng na Lakers waliagana mwaka 2016, wakaagana 2018. Tuandike: "Wameagana, mchezaji amesamehe sehemu ya mshahara." Vilabu vyetu huandika "tumefikia makubaliano ya pande mbili ya kuvunja mkataba". Maneno manane, na ndani yake yumo yule vunja asiyealikwa.

Tukishaagana, anakuja mgeni mwingine. Kila msimu ukiisha, vilabu vyetu hutoa picha ya mchezaji yenye maneno ya Kiingereza ya kumshukuru, na mitaani imekuwa nomino: "Fulani kapewa Thank You." Nakiri mzaha wake ni mtamu. Shukrani imegeuka kuwa panga, na mchezaji akiona simu ya ofisini hujiuliza kama anashukuriwa. Lakini sisi tulikuwa tayari na mkono wa kwaheri, usemi kamili wenye adabu na uchungu kwa kiasi. Ukiuacha huo kwa ajili ya Kiingereza cha kwenye bango, umebadilisha dhahabu kwa bati.

Upande wa pili wa adabu kuna kutemwa. "Simba yatema saba." Kinachotemwa ni kokwa, ni mate, ni tambuu iliyokwisha utamu. Mchezaji amekimbia misimu mitatu akashonwa goti, halafu anatemwa? Waandishi hulipenda kwa kuwa ni fupi na linaingia vizuri kwenye kichwa cha habari. Achwa lina herufi tano, sawa na temwa.

Kuuzwa nako kunahitaji kuwekwa mahali pake. Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, ligi ile ya kikapu ya Marekani, alichaguliwa wa pili mwaka 2009 na Memphis. Februari 2011 akaenda Houston, na miongoni mwa waliokuja upande wa pili alikuwa Shane Battier. Mwaka 2012 Houston ikampeleka Portland, akaja Marcus Camby. Redio zetu zikasema "ameuzwa". Lakini kuuza ni kutoa kitu na kupokea fedha, kama vilabu vya soka vinavyofanya. Hapa mtu katolewa, mtu kapokewa. Wazee waliita hiyo biashara ya mali kwa mali.

Ukisema "amebadilishwa", msikilizaji atadhani katolewa uwanjani dakika ya sabini. Ukisema "amebadilika", atadhani kaokoka. Napendekeza kutolewa badala: "Thabeet ametolewa badala ya Camby." Na tendo lenyewe liwe mabadilishano, tusilichanganye na mauzo. Tofauti hiyo ina uzito kwa mchezaji, maana anayeuzwa katika soka sharti akubaliane na klabu mpya maslahi yake, na anayetolewa badala Marekani kwa kawaida haulizwi. Agosti 2014 timu yake ya wakati huo, Oklahoma City, ilimtoa Thabeet kwenda Philadelphia, na Philadelphia ikamwacha siku chache baadaye kabla hajawachezea. Kwa siku hizo chache alikuwa mali ya timu ambayo haikumtaka kabisa.

Mkopo ndilo kosa linaloniudhi zaidi, kwa kuwa Kiswahili kilishalitatua zamani na sisi tumeamua kusahau. Mtu hukopa fedha, mchele, sukari: kitu kinachotumika kikaisha, naye akarudisha kingine cha kiasi hicho. Mtu huazima shoka, baiskeli, ngalawa: kitu kinachorudi chenyewe, na kikirudi na ufa kuna maneno. Mtoto wa Micheweni akitumwa kwa jirani hawezi kukosea: ataomba kukopeshwa vibaba viwili na kuazimwa mbuzi wa kukunia nazi. Basi mchezaji anayekwenda timu nyingine kwa msimu mmoja kisha akarejea ni wa kukopwa au wa kuazimwa? Akiwa wa mkopo, waliomchukua wanaweza kumla wakaleta mwingine wa kimo chake.

Kwa klabu, basi, tuseme imemwazimisha mchezaji, na yeye ni mchezaji wa kuazimwa. Kwa mchezaji mwenyewe tunalo neno la pwani yetu ambalo bara hawana: dago. Wavuvi wa kaskazini ya Pemba huhama na vyombo vyao, wakapiga kambi ya msimu kwenye maji ya watu, wakavua, kisha wakarudi kwao. Aliyeko dago hajahama. Nyumba yake iko pale pale, na watoto wake wanajua atarudi upepo ukigeuka. "Yuko dago Singida hadi mwisho wa msimu." Sentensi ya maneno machache, na kila Mpemba kaielewa hadi mfupa.

Upepo umetajwa, basi tuutumie. Tumepokea dirisha la usajili, dirisha kubwa na dirisha dogo. Dirisha ni neno la Kiajemi lililokaa kwetu hadi likawa la nyumbani, sina ugomvi nalo. Nashangaa tu kwamba watu walioendesha biashara ya bahari nzima kwa pepo mbili wakubali kupima nyakati kwa ukubwa wa matundu. Dirisha kubwa huangukia wakati wa kusi, dogo huangukia mwanzo wa kaskazi. Usajili wa kusi, usajili wa kaskazi: ndivyo vyombo vilivyokuja na kuondoka, ndivyo wachezaji wanavyokuja na kuondoka.

Usajili wenyewe umepanuka kuliko asili yake. Kusajili ni kuandika daftarini. Sasa klabu "inasajili" mtu hata kabla ya kalamu kuguswa, na mchezaji "anamwaga wino". Maskini wino! Kinachomwagika kimepotea, kama unga njiani. Watu wa Zanzibar walitia mkono, usemi wa kale unaoonyesha kiungo cha mwili kikijifunga, au walitia sahihi, ambayo kwa Kiarabu ni kitu kizima kisicho na kasoro. Ningependa mchezaji atie mkono. Ni mkono huohuo atakaopewa siku ya kwaheri.

Mchezaji huru ndilo neno nililoahidi. Huru kwa asili ni kinyume cha mtumwa. Ukimwita asiye na timu "huru", umewaita wenziwe wote wenye mikataba nini? Ajabu ni kwamba huyo huru ndiye asiyelala, anapiga simu kwa kila wakala, anakimbia peke yake ufukweni asubuhi ili pumzi isimkimbie. Asiye na timu ni kweli zaidi, na hakuna haya ndani yake. Nikitafuta neno moja la kungoja kwake nafika kwenye eda, ile ya mwanamke aliyeachwa, kwa sababu NBA mchezaji akiachwa hukaa saa 48 ambazo timu nyingine inaweza kumdai kabla hajawa wa kujichagulia. Ni eda kwa umbo lake lote. Lakini nimeshasema maneno ya sharia tuyaachie heshima yake, kwa hiyo tuite muda wa kungoja. Neno zuri la kutosha si lazima liwe zuri kuliko yote.

Dau ni furaha ya mwambao. "Azam yapandisha dau", na mvuvi wa Tumbe anaona chombo kikipandishwa mchangani. Dau la pili ni la mchezo wa kubahatisha, fedha anayoiweka mtu akingoja bahati, na hilo ndilo lililoingia kwenye usajili. Linafaa pale klabu inapotaja kiasi bila kujua kama kitapokelewa. Halifai kwa fedha iliyokwisha kulipwa. Dau huwekwa, bei hulipwa, komboleo hutolewa. Tukilinda vitenzi hivi vitatu, majina yatajilinda yenyewe.

Sasa mashabiki, kwa kuwa bila wao istilahi zote hizi zingekaa kabatini. Habari za nani anakuja na nani anaondoka huwa na ngazi tatu, na Kiswahili kimezitaja zote. Fununu ni harufu tu, mtu kaona gari ya wakala imeegeshwa. Tetesi imetoka kwenye kuteta, kusema chinichini, hivyo ina mdomo nyuma yake hata kama haujitaji. Uvumi umetoka kwenye kuvuma, kama bahari inavyovuma pale Vumawimbi, sauti kubwa isiyo na mdomo hata mmoja. Gazeti linaloita yote matatu "tetesi za usajili" limeunyima umma ngazi za kupimia. Fununu ingoje. Tetesi iulizwe mwenyewe. Uvumi uachwe upite.

Na baada ya habari, ubishi. Wenye elimu hupendelea mjadala, neno safi la kumbini, lenye mwenyekiti na chupa za maji. Mimi nashika ubishi. Kubisha ni kukataa neno la mwenzio, lakini kwa mabaharia kubisha ni kwenda na chombo dhidi ya upepo, kwa kukata huku na huku, kwani moja kwa moja hakuendeki. Ndivyo wanavyofanya watu wa baraza: mmoja anavuta kwenye mshahara wa Fei Toto, mwingine anageuza tanga kwenye heshima ya klabu, wa tatu anarudi kwenye karatasi iliyosainiwa. Aliyeko nje anaona wanapoteza muda. Aliyemo ndani anajua wamesogea.

Anayebisha bila kusogea ana jina lake, mnazi. "Mnazi wa Yanga", "mnazi wa Simba": makamusi yanatoa mti, vijiwe vinatoa mtu asiyeyumba hata timu ikifungwa tano. Shabiki anaweza kuacha kwenda uwanjani akikasirika, mpenzi anaweza kupoa, mwanachama anaweza kutolipa ada. Mnazi haendi popote. Nalitaja bila kulirekebisha, kwa kuwa neno likizaliwa barazani likawa zuri hivi, kazi ya mlinzi ni kumwagia maji.

Nikusanye. Istilahi ya mkataba wa mchezaji ni nzuri ikijibu maswali matatu bila kuulizwa: nani katoka, nani katoa mali, nani kaamua. Vunja haijibu hata moja. Achwa, jikomboa, agana, tenguliwa na kiuka zinajibu yote, na hakuna hata moja iliyohitaji kubuniwa. Zote zimo midomoni mwa watu wanaokomboa mikarafuu, wanaoagana na jamaa gatini, wanaotengua udhu na kuutia upya.

BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, wametupa kamusi la Kiswahili fasaha, na wametupa hata kamusi la lahaja yetu ya Kipemba. Wamefanya sehemu yao. Ya kwetu ni rahisi zaidi na inaanza usajili wa kaskazi ujao. Mtangazaji atakaposema fulani kavunja mkataba, usibishane naye juu ya fulani. Muulize kwa upole: kakiuka, kaachwa, kajikomboa, au wameagana? Asipojua, basi habari bado hajaipata.